Mti wa Babu Kwenye Jiwe la Kuogea

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu haunyooki hata kwenye karatasi yenye mistari, na yapo maneno nisiyojua kama yana herufi moja au mbili. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo kalamu naishika Jumapili tu, kuandika majina ya watoto waliokuja kanisani, na ukurasa mmoja kama huu unanichukua siku mbili. Mkikuta nimekosea, msisimame hapo, piteni. Afadhali niandike hivi polepole kuliko kusema. Kusema mbele za watu kulinishinda tangu utoto, na habari ninayotaka kuwasimulia ilitokana na huko kunyamaza kwangu.

Enzi zetu hapa Mkunya maji yalikuwa na vyeo. Nawaambia ninyi wa rika langu mnaokumbuka. Watoto wa siku hizi wakisikia wanadhani tulizaliwa wakati wa Mjerumani, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Maji ya cheo cha kwanza yalikaa mtungini, ya kunywa, na kata yake haikuguswa na mkono wenye mafuta. Ya pili yalipikia. Yaliyooshea mboga yaliloweka vyombo, na yaliyosuuza vyombo yalifua matambara ya jikoni. Maji ya kuoga yalikuwa kata tatu kwa mtoto na nne kwa mtu mzima, nayo hayakumwagwa ovyo. Yalikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mti.

Nyuma ya nyumba ya Bibi kulikuwa na jiwe pana la kuogea, limezungushiwa uzio wa nyasi, na ndani ya uzio huohuo ulisimama mti aliouacha Babu. Ulikuwa mti mfupi, matawi yake yameanzia chini kabisa. Shina lilikuwa laini, la rangi ya udongo lenye madoa meupe, na ngozi yake ilijimenya vipande vyembamba. Majani yalikuwa madogo, yamechongoka, yanang'aa, na yakichipua yalikuwa na wekundu kidogo kama ulimi wa mtoto. Kwa sababu ya ile ngozi ya kujimenya kila mtu aliuita mpera. Sisi tukisimama juu ya jiwe kuoga, maji yalipita kwenye kijifereji alichokichonga Babu mwenyewe, yakaishia kwenye mizizi. Bibi alikaa nje ya uzio akichambua mbaazi, masikio yako ndani.

"Lusia! Hiyo kata umeimwaga wapi? Mbona sisikii mti ukinywa?"

Nilisogea tu karibu na kijifereji.

Babu simkumbuki vizuri. Nakumbuka kofia yake na harufu ya ugoro. Alifanya kazi ya kutunza bustani ya kanisa kule Masasi miaka mingi, na aliporudi nyumbani kupumzika alirudi na Biblia, jembe la mpini mfupi, na mche ndani ya kopo la maziwa. Alimwambia Bibi, "Huu ni mgeni. Usiuache ufe kiu. Siku moja utakushangaza." Jina la mti hakulitaja, au alilitaja Bibi akalisahau. Akafariki kabla mimi sijaanza shule, na mti ukabaki ukikua polepole kuliko hata mimi, ambaye nilikuwa mfupi kuliko watoto wote wa darasa langu.

Mnakumbuka tulivyokuwa? Tulikwenda shule tumebeba madumu ya lita tano, na usipokuja na dumu unarudishwa. Wakati wa mapumziko tulicheza rede kwa mpira wa matambara, na msimu wa korosho ukifika rede ilikufa yenyewe. Tulichora mstari chini, tukapanga korosho mbichi, tukalenga. Aliyeshinda alikwenda kuzichoma kwa siri nyuma ya vyoo, kwenye kipande cha bati. Yale mafuta ya ganda yalituunguza midomo, na mwalimu wa zamu hakuwa na haja ya kuuliza nani kachoma korosho. Alitazama midomo tu. Kiangazi tulichimba ming'oko porini, tukaipika na chumvi, vidole vimejaa udongo. Mabibo tuliyokausha, kochoko, tuliyaficha mifukoni hadi yakanata na nguo. Leo nawapa watoto ming'oko, mmoja ananiuliza, "Dada, hii ina sosi?"

Mimi katika hayo yote nilikuwepo, lakini sauti yangu haikuwepo. Mwalimu akiniita nilisimama nikatazama miguu. Watoto waliniita Bubu, na sikuwalaumu sana, maana sikuwa nimewapa sababu ya kuniita jina lingine. Mahali pekee nilipoongea ni ndani ya uzio ule wa kuogea. Huko niliuambia mti nani kapigwa, nani kalia, na swali gani nilijua jibu lake lakini sikunyoosha kidole.

Sasa niwaambie kuhusu mjomba wangu, Mjomba Yohana. Ni mtoto wa kwanza wa Bibi, kaka yake mama. Mama alikuwa Masasi akipika chakula sokoni, kwa hiyo nililelewa na Bibi, na kama ilivyo kwetu, neno kubwa juu ya nyumba ile lilikuwa la mjomba. Alikaa kiwanja cha pili na alikuwa mpulizaji wa salfa kwenye mikorosho, fundi hasa. Msimu wa kupulizia ukifika alitoka alfajiri na mashine mgongoni, akarudi amekuwa wa njano kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Adui yake mmoja duniani alikuwa ubwiri unga. Ninyi wa huku mnaujua. Kwa mgeni niseme tu kwamba ni ugonjwa wa mikorosho unaokuja kama unga mweupe kwenye maua na majani machanga, na ukiuachia, korosho hazishiki. Shuleni tuliimba dalili zake kabla hatujalijua jedwali la tano. Mjomba alikuwa akitukumbusha tukiwa tunakunywa uji:

"Mti wowote wenye unga ni adui wa nyumba hii. Ukiuona, niambie. Hata ukiwa mwembe wa padri, nitaukata."

Nilikuwa darasa la nne. Asubuhi moja, mwezi wa salfa, niliingia kuoga nikakuta shina la mti limevimba vipele, na kwenye kila kipele vimetoka vinyuzi vyeupe, vyeupe, toka chini hadi kwenye matawi, kama mtu ameupaka mti mzima unga wa muhogo. Nilisimama na kata mkononi. Nilijua ninachokiona. Mtoto yeyote wa Mkunya angejua. Mti wa Babu umeugua ubwiri unga, na mjomba akiuona atakuja na shoka.

Sikumwambia mtu. Nilichukua gunzi la mahindi nikausugua. Nilisugua kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu, hadi shina likabaki safi, na pale penye vipele nikamalizia kwa majivu, kwa sababu kwa Bibi majivu ndiyo dawa ya kila kitu. Nakumbuka nilishangaa kwamba ugonjwa ule unanukia vizuri, kama asali iliyo mbali. Nyuki nao walikuwa wameshakuja. Niliwafukuza kwa kanga, wasiambukizwe.

Mwaka ule unga ulitoka mara mbili kwa jumla, na mwaka uliofuata mara tatu. Kila mara nilitangulia kuamka. Nilijiona daktari. Kila nilipomaliza niliuambia mti, "Usiogope, hajaona."

Majani yakaanza kuwa ya njano. Niliongeza majivu.

Wakati huohuo watu walianza kuusema mti. Jirani yetu Mama Zainabu, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na mlango, alipita siku moja na ndoo kichwani akasimama kwenye uzio.

"Mama Yohana, huo mpera wako ni dume? Kila siku mnauogesha kama bwana harusi, na mtoto hatumwoni!"

Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Bibi naye alicheka, akasema, "Bwana harusi huyu bado mdogo." Lakini walipoondoka aliacha mbaazi zake nusu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo jina likaenea: mti tasa wa Mama Yohana. Unanyweshwa maji yetu sote na hauzai. Mimi sikujua kwa nini jina lile lilimuuma kiasi kile, mpaka siku mjomba alipokuja na habari ya kisima.

Nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa ameweka bati jipya kwenye nyumba ya Bibi, na alitaka kuchimba kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Alizunguka nyumba, akapima kwa hatua, akatazama paa linapoinamia, akapigilia vigingi vinne na kuvizungushia kamba. Vigingi viwili vilikuwa kando ya jiwe la kuogea. Mti ulikuwa katikati ya kamba.

"Mama," alisema, "nimeangalia kila upande. Hapa ndipo maji yatashuka yenyewe."

"Hapa pana mti."

"Mti wenyewe hauzai, hauna kivuli, unakunywa tu. Unafanya nini?"

"Unakaa."

"Kukaa hata jiwe linakaa."

"Basi anza kukata jiwe."

Mjomba alicheka kidogo, kisha akaona Bibi hacheki. Bibi alikuwa ameshika goti lake la kushoto, lile lililokuwa linavimba kila aliposhuka bondeni kuchota maji. Akasema kwa sauti ya chini ambayo sijaisahau:

"Yohana, mimi nilikaa miaka minane kwenye nyumba ya baba yako bila mtoto. Waliniita jina hilohilo mnalouita mti wake. Baba yako aliambiwa anirudishe kwetu. Angekuwa na haraka kama yako, wewe usingekuwepo leo kunipimia uwanja."

Mjomba alikaa chini, juu ya jiwe, akatazama mikono yake. Msidhani mjomba alikuwa mtu mbaya. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa kama ya mtoto.

"Mama, mimi sitaki ushuke tena bondeni na goti hilo. Ni hilo tu."

Wote wawili walikuwa na haki, na hicho ndicho kilichoniumiza. Baada ya siku nne Bibi ndiye aliyeshindwa. Usiku kucha goti lilikuwa limemtesa, na asubuhi mimi nilirudi kutoka bondeni na ndoo imemwagika nusu njiani. Alinitazama nilivyokuwa nimelowa, akamwita mjomba. "Mwite fundi," alisema. "Lakini siku hiyo mimi nitakwenda kushinda Newala mjini. Sitaki kusikia shoka." Fundi akaambiwa aje Jumatatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wao, na wageni kutoka Masasi waligawanywa majumbani. Kwetu aliletwa mzee mmoja mwembamba, Mama Stefano, ambaye zamani alifagia ile bustani ambayo Babu aliitunza. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," kwa sauti ambayo nadhani niliisikia mimi peke yangu. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Ongeza kuni kwenye hiyo sauti." Bibi akamwonyesha mahali pa kuoga. Mama Stefano aliingia kwenye uzio, na badala ya kusikia maji tukasikia amepiga yowe.

"Mama Yohana! Mbona hukuniambia unao?"

Tulikimbia. Alikuwa amelishika shina kwa mikono miwili kama anayepima homa ya mtu.

"Huo mpera?" Bibi akauliza.

"Mpera! Mpera gani? Shika jani. Jani la mpera ni pana, ukilipapasa linakwaruza, na mishipa yake imesimama. Hili ni dogo, laini, limechongoka. Ngozi kweli inajimenya kama mpera, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Huu tulikuwa nao mmoja bustanini. Matunda yake hayakai kwenye vitawi kama miti ya watu wenye adabu. Yanaganda shinani, meusi, mviringo, kama kupe kwenye sikio la mbwa. Ukiona mara ya kwanza unatamani kuyakwangua." Akacheka hadi akakohoa. "Umeshazaa mara ngapi?"

"Haujazaa," alisema mjomba, ambaye alikuwa amekuja kumwamkia mgeni. "Jumatatu tunauondoa."

Mama Stefano aliacha kucheka. Alizunguka mti, akaparua udongo kwa kidole. "Mmeweka majivu mengi. Mti huu haupendi majivu, ndiyo maana majani yamekuwa ya njano. Lakini umri unao. Niambieni ukweli: haujawahi kutoa maua? Meupe, shinani, kama mtu ameupaka unga?"

"Kamwe," alisema Bibi.

"Unga?" mjomba akadakia. "Unga mimi ningeuona."

Mgeni alitikisa kichwa taratibu. "Basi hapo sina la kusema. Mti wa ukubwa huu usiotoa hata ua moja, pengine hautatoa. Kisima ni kisima, Mama Yohana. Hata mimi nina magoti."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili, nimeshika taulo la mgeni. Neno moja tu lilihitajika. Nilijua sasa nilichokisugua miaka miwili. Nilijua kwamba ule mti haukuwa tasa hata siku moja, na kwamba matusi yote aliyoyala Bibi yalitoka kwenye mkono wangu. Mdomo ulifunguka. Hakikutoka kitu. Mama Stefano alichukua taulo, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," na watu wakatawanyika.

Jumamosi sikusema. Jumapili kanisani nilitazama miguu yangu ibada nzima. Nilijiambia nitasema wakati wa chakula; chakula kikaisha. Nilijiambia nitamwambia Bibi peke yake. Bibi akawa na wageni. Woga wa kusema ni kitu cha ajabu, kila ukiahirisha unaongezeka uzito, kama ndoo unayopanda nayo mlima.

Jumatatu fundi alikuja na sururu, sepetu na kijana wake. Mjomba alikuja na shoka. Bibi alikuwa amejifunga kanga ya kutokea, anaaga, na Mama Stefano alikuwa naye kwa sababu wangefuatana hadi mjini kwenye gari la Masasi. Nilimwona mjomba anaondoa uzio wa nyasi, fungu moja moja, na kuulaza pembeni vizuri. Kisha akatemea viganja mate.

Niliingia jikoni nikachukua gunzi, nikapita katikati yao, nikaenda kwenye shina, nikaanza kusugua. Nilisugua shina tupu, juu chini, juu chini, machozi yananitoka.

"Lusia, ondoka hapo," alisema mjomba. "Huyu mtoto ana nini?"

"Mwache," alisema Mama Stefano. Alikuja akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Ulisugua nini, mjukuu wangu?"

"Unga," nilisema.

"Mara moja?"

"Mara tano." Baada ya hapo maneno yote yaliyokuwa yamekaa ndani yangu tangu utoto yakatoka kwa pamoja. Nilisema ulikuwa mweupe, nilisema ulinukia, nilisema nyuki, nilisema majivu, nilisema mjomba alisema atakata hata mwembe wa padri. Fundi alishusha sururu yake. Sidhani kama pale nyumbani kuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema maneno kumi mfululizo.

Mjomba alinitazama, akatazama mti, akatazama shoka. Yeye ndiye aliyeufundisha uwanja mzima kuogopa unga. Akamgeukia fundi.

"Tupime upande wa jikoni."

"Kule paa halishuki, mzee. Itabidi uongeze mfereji, na tuchimbe kwenye mwamba."

"Tutaongeza. Tutachimba." Kisha akaniambia, bila ukali, "Mwaka mmoja, mpwa wangu. Usipoleta hayo maua, kisima cha pili utachimba wewe."

Mama Stefano alichelewa gari kwa ajili yetu. Aliketi juu ya jiwe akatufundisha mambo yote, na mimi ndiye niliyeyashika. Aliagiza majivu yaondolewe pamoja na udongo wa juu, lakini kwa mkono, si kwa jembe, kwa sababu mizizi ya mti ule iko karibu sana na inaumia. Tuweke majani ya mikorosho yaliyooza na mabaki ya mabibo, yazunguke lakini yasiguse shina. Tuoge, lakini maji ya sabuni yaende kwingine, mti upewe yale ya kujisuuza. Udongo usikauke kabisa, hasa maua yakitoka, maana bila maji yanadondoka yote. "Na gunzi," alisema akinifinya shavu, "lipeleke kwa kuku."

Mjomba akaurudisha uzio, na Bibi hakwenda mjini siku ile. Lakini hakusema nami, si Jumatatu, si Jumanne. Jumatano jioni niliingia kuoga, akaingia nyuma yangu, akachukua kata mkononi mwangu, akaanza kuniogesha kama nilipokuwa mdogo. Alikuwa ananisugua mgongo kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

"Umeninyima wajukuu mara tano," alisema.

Nilianza kulia.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Shoka, Bibi."

Akanimwagia maji ya kichwani, yale mazuri, kata ya nne ambayo haikuwa haki yangu. "Hata mimi," alisema. "Niliogopa hilohilo. Tungeambiana."

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Mvua ilikuja, majani yakarudi kijani, kisima cha upande wa jikoni kikajaa hadi shingoni, na Bibi hakushuka tena bondeni. Maua hayakuja. Krismasi ikapita, nikaingia darasa la sita, Pasaka ikapita. Mama Zainabu aliponikuta na ndoo ya mabibo yaliyooza aliuliza kama bwana harusi siku hizi anakula. Ukafika tena mwezi wa salfa, mwaka wa mjomba unakaribia kwisha, na asubuhi moja nikaingia kwenye uzio nikakuta shina limepakwa unga kuanzia chini hadi juu.

Safari hii nilipiga kelele. Bibi alikuja akichechemea, na mjomba, aliyekuwa anatoka shamba, alikuja mbio na mashine mgongoni, wa njano mwili mzima. Alipoona weupe ule mkono wake ulienda wenyewe kwenye mpini wa mashine.

"Yohana!" Bibi alipaza sauti. "Shusha hiyo mashine kabla sijakushusha wewe!"

Tulilinda maua yale kwa zamu kama wanaolinda mwali. Yakakauka, tukaogopa. Kisha vikatokea vitone vya kijani, vikawa gololi, gololi zikawa nyekundu, zikawa nyeusi kabisa, zimeganda kwenye shina hadi chini karibu na udongo. Bibi alichuma za kwanza kwenye bakuli, na hakumpa mjomba, wala hakula. Alitoka hadi uzio wa jirani.

"Mama Zainabu! Njoo umwone mtoto wa bwana harusi."

Mama Zainabu alilitia moja mdomoni. Lina ganda gumu kiasi, unalibana kwa meno, nyama nyeupe inachomoka, tamu, na kwenye ganda kuna ukali kidogo. Alimeza, akachukua la pili, akala la tatu. Kisha akaweka bakuli chini na kumshika Bibi mikono yote miwili, akasema, "Nisamehe, dada yangu." Bibi akasema, "Kula, yakilala hadi kesho yanachacha." Lakini nilimwona alivyokuwa amesimama. Goti lake bovu halikuonekana kabisa.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Siku hizi bomba linafika karibu, na watoto wanaoga maji ambayo yanapotea tu, hayaendi popote. Sisemi turudi bondeni, nani anataka? Nasema tu kwamba sisi tuliyajua maji kwa jina. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja, akaelekeza simu yake kwenye shina, simu ikamwambia huu ni mjabotikaba na kwao ni Brazili. Dakika moja. Sisi ilitugharimu miaka mingi na gunzi. Lakini kijana huyohuyo alipiga picha kumi na tano na hakuonja hata tunda moja. Alisema ataonja baadaye, na baadaye ndege waliyamaliza.

Bibi amefariki, naye Mama Stefano amefariki. Nimesikia kwamba ule mti wa bustani ya Masasi ulikatwa walipojenga. Mjomba ameacha kupulizia, kifua kimemchoka, na sasa yeye ndiye anayekuja kila jioni kunyunyizia wa kwetu maji, polepole, akiusemesha. Kiangazi kilichopita tawi moja kubwa lilikauka. Nimepanda mbegu kwenye makopo, siku ileile ya kula tunda, maana zikikauka hazioti tena. Miche ipo minane, imefika urefu wa kidole. Kuzaa kwake nitakuwa mzee.

Kwa hiyo naomba, ninyi mlio Makote, Newala, Masasi, na popote mnapolima mikorosho. Nyuma ya nyumba zenu tazameni mti unaoitwa mpera na hauzai. Pimeni jani. Mkiona unga shinani, msisugue, subirini mwezi mmoja. Kisha niandikieni mniambie kama upo. Mjomba ananiuliza kila wiki kama kuna mwingine. Na kama ulikuwepo mkaukata bila kujua, niandikieni hilo pia, wala msione aibu. Mimi nitawaelewa kuliko mtu yeyote.